Umbali wa Sindano Safi

Mpango wa kubadilisha sindano ni huduma ya afya inayompa mtu anayejidunga dawa za kulevya sindano mpya na bomba lake, na kuipokea ile aliyokwisha kuitumia ili ikateketezwe. Jina lenyewe lina mtego. Kubadilisha sindano ni kutoa kuukuu na kupewa mpya. Kubadilishana sindano ni watu wawili kupokezana moja, na huko ndiko virusi vya Ukimwi vinakopita. Silabi moja ya mwisho inaigeuza kinga kuwa maradhi, na ukilisema jina hilo haraka mbele ya baraza la wazee utakuwa umeshindwa kabla hujaanza. Kwa hiyo ni heri kusema mpango wa sindano na mabomba. Tena siku hizi kurudisha iliyotumika ni jambo la kuhimizwa tu. Si sharti: asiye na ya kurudisha hupewa mpya vilevile, kwa kuwa ni yeye hasa anayekaribia kuazima ya mwenzake.

Hatari imejificha ndani ya bomba. Anayejidunga hupenyeza ncha, akavuta kidogo aone kama damu inaingia, maana hiyo ndiyo dalili kwamba ameupata mshipa, ndipo anaposukuma. Damu ile haitoki yote. Hata mkono wa bomba ukifika mwisho kabisa, hubaki nafasi ndogo shingoni mwa sindano, na humo hubaki tone. Bomba la kuchomeka na kuchomoa sindano huwa na nafasi kubwa kuliko lile dogo la insulini ambalo sindano yake imeunganishwa moja kwa moja. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliweka damu yenye virusi ndani ya mabomba wakayahifadhi katika viwango mbalimbali vya joto. Katika baridi ya friji, virusi hai vilipatikana hata baada ya siku 42, yaani wiki 6 kamili. Katika joto la nyuzi 27 hadi 37 vilipungua upesi, na baada ya wiki moja vilikuwa nadra. Virusi vya homa ya ini aina ya C ni sugu zaidi. Katika jaribio jingine vilidumu hadi siku 63.

Matokeo hayo ya baridi na joto husomeka kwa namna yake ukiwa Naro Moru. Mji huu uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwenye barabara ya kutoka Nyeri kwenda Nanyuki, na asubuhi ya Julai mtu akizungumza mvuke humtoka mdomoni kama sufuria ya chai. Mombasa jua huifanya sehemu ya kazi. Sindano iliyotupwa chini ya ua la kei-apple huku juu imewekwa kwenye friji.

Jina la Naro Moru husemekana kuwa la Kimaasai, lenye maana ya mawe meusi. Wageni wanaujua mji huu kama mlango wa magharibi wa Mlima Kenya: kutoka hapa njia hupanda hadi kituo cha hali ya hewa, ikapita kwenye kinamasi kilichosimama wima na kuingia bonde la Teleki, kuelekea kilele cha Lenana chenye mita 4,985. Waongozaji na wapagazi wana kanuni ambayo mtu wa afya ya umma angeitamani: kilichopanda na mzigo lazima kishuke na mzigo. Gunzi, kopo, karatasi ya chokoleti, vyote hurudishwa langoni. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kabisa katika hifadhi za taifa. Mpango wa sindano unaoendeshwa vizuri hufuata hesabu hiyohiyo ya kilichotoka na kilichorudi.

Mbali na mlima, Kieni, eneo ulimo mji huu, ni nchi ya ng'ombe wa maziwa, kondoo, viazi na vitunguu. Ndiyo sababu sindano za kwanza kuonekana mjini hazipo kwenye duka la dawa za watu. Zimo ndani ya agrovet, zikining'inia kati ya dawa ya kupe na pakiti za mbegu za kabeji. Nilipouliza sindano, mama aliyekuwa nyuma ya kaunta hakushtuka hata kidogo.

"Ya ng'ombe ama ya mbuzi, mzee?"

Kwa mfugaji hilo ni swali la kitaalamu. Ngozi ya ng'ombe hutaka sindano nene na fupi. Ya mbuzi ni nyembamba zaidi. Alizitandaza zote mbili juu ya kaunta, akaongeza bila kuulizwa kwamba kila mnyama adungwe na yake. "Ukirudia moja utatembeza ugonjwa boma lote." Hilo ndilo somo zima la kinga kwa njia ya sindano, na katika wadi hii hakuna aliyehitaji semina ya kulielewa. Mfugaji aliyechanja kundi lake dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo anajua damu inavyosafiri. Kinachobaki ni kukubali kwamba kanuni inayomlinda ng'ombe imfae na kijana wa mtu, na hapo ndipo mazungumzo huanza kuwa magumu.

Hatua chache kutoka hapo, duka la dawa huuza bomba la mililita 2 likiwa kwenye karatasi yake iliyofungwa, kwa bei isiyozidi sana ya chapati. Hakuna aliyeniomba cheti cha daktari. Kwa kipimo cha bidhaa, basi, sindano safi inapatikana Naro Moru: ipo, ni rahisi, na duka huwa wazi hadi jioni. Lakini mzee mwenye koti safi haulizwi maswali. Miaka kadhaa iliyopita, katika mji mwingine wa barabara hii, nilisimama kwenye foleni nyuma ya kijana aliyekonda, mikono imefichwa ndani ya jaketi. Aliambiwa sindano zimekwisha. Akaondoka. Nikaomba za kwangu, nikapewa mbili kutoka kwenye boksi lililokuwa wazi juu ya meza.

Upatikanaji, kwa hiyo, haupimwi kwa kuhesabu rafu. Chapati ni bei ndogo kwa mwenye mshahara. Anayejidunga mara 3 kwa siku na hana kazi huipima shilingi hiyo dhidi ya kete inayofuata, na kete hushinda. Usiku wa manane, arosto ikiwa imemshika, viungo vikiuma na tumbo likikatika, duka limefungwa na sindano ya jirani iko mkononi. Sindano ikishatumika nayo inaenda wapi? Duka linaloiuza haliipokei. Mpango wa kubadilisha sindano ulibuniwa kuyajibu haya kwa pamoja: bei, saa, sura ya mtu na taka anayoiacha. Chuma chenyewe ndicho sehemu rahisi kuliko zote.

Ni haki pia kusema kwamba maeneo ya Mlima Kenya hayajulikani kwa heroini. Msiba wa hapa ni pombe. Vinywaji vya bei nafuu vya kwenye vichupa na chang'aa iliyotiwa kemikali vimewatoa macho na uhai watu wengi. Februari 2024 pombe yenye sumu iliua watu katika kaunti jirani ya Kirinyaga, na operesheni ya kufunga baa ikaenea eneo zima. Maambukizi ya virusi vya Ukimwi Nyeri, kama kwingi nchini, hupita zaidi kwa njia ya ngono. Hesabu iliyofanywa Kenya mwaka 2008 kuhusu njia za maambukizi mapya iliwapa wanaojidunga asilimia 3.8 ya maambukizi yote nchini. Mkoa wa Pwani, hata hivyo, fungu hilo lilifika takriban asilimia 17. Mipango ya sindano ilipoanza nchini, ilifuata ramani hiyo, na haikukosea.

Tatizo ni kwamba ramani huchorwa baada ya tukio. Mfano wa kufikiriwa na mtu wa Naro Moru hautoki Mombasa wala Amsterdam. Unatoka Austin, mji mdogo wa mashambani katika kaunti ya Scott, jimbo la Indiana, Marekani, wenye wakazi wapatao 4,000. Kaunti hiyo ilizoea kuona wagonjwa wapya wa virusi vya Ukimwi wasiofika 5 kwa mwaka. Watu walianza kujidunga kidonge kikali cha kutuliza maumivu, jamaa kwa jamaa, nyumba kwa nyumba, kwa sindano zilezile. Sheria ya jimbo haikuruhusu mpango wa kubadilisha sindano. Katika mwaka 2015 zaidi ya watu 180 waligunduliwa kuambukizwa, na hesabu ikapita 200 baadaye. Machi mwaka huo gavana Mike Pence, ambaye hakuwa shabiki wa mipango hiyo, alitangaza dharura ya afya na kuruhusu sindano zigawanywe. Mji ulikuwa mdogo, mbali na bandari, mbali na jiji, na kwa vipimo vyote ulikuwa haumo kwenye ramani.

Matatu inayotoka Naro Moru kuelekea kusini hupita Kiganjo, palipo na chuo ambako vizazi vya askari polisi wa Kenya vimefundwa gwaride na sheria. Bila kukusudia, abiria hupita hapo kwenye kiini cha suala la upatikanaji. Sheria ya dawa za kulevya ya 1994 haimkamati mtu kwa heroini peke yake. Kuwa na chombo cha kutumia dawa hizo ni kosa pia. Bomba jipya ndani ya karatasi yake ni kifaa cha hospitali. Likishatumika, masalio ya unga ndani yake huweza kuwa ushahidi. Anayelibeba kulirudisha kituoni anabeba ushahidi dhidi yake mwenyewe, na anayelijua hilo hulitupa kichakani kabla ya kona ya kwanza yenye askari. Hivyo sheria huifukuza sindano kutoka kwenye kisanduku cha taka kuelekea kwenye njia ya watoto wa shule. Miradi ya Kenya ilitambua mapema kwamba kumfundisha mkuu wa kituo cha polisi kuna uzito sawa na kumfundisha muuguzi, na mikutano na polisi ikawa sehemu ya kazi ya kawaida. Shida yake ni uhamisho: askari aliyeelewa hupelekwa Turkana, anakuja mgeni, mazungumzo yanaanza upya.

Nyeri mjini jina moja huweza kumchanganya msafiri. Mathari ya Nyeri ni misheni ya Wakonsolata, yenye hospitali inayoheshimiwa tangu enzi za ukoloni. Mathari ya Nairobi ni hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, na huko ndiko Kenya ilikofungua kliniki yake ya kwanza ya methadoni mwaka 2014. Mtu akikuambia uende Mathari, uliza ipi. Kati ya hizo mbili kuna kilomita 150. Katika Nyeri yenyewe, hospitali ya rufaa ya kaunti, ambayo wenyeji wa umri fulani bado huiita PGH, yaani hospitali kuu ya mkoa, na vituo vya afya hadi vijijini hupima virusi na kutoa dawa za kupunguza makali bila malipo. Huo ni ushindi wa miaka 20 ambao sasa hauonekani kwa sababu umekuwa wa kawaida. Mwaka 2012 utafiti wa taifa ulikuta asilimia 5.6 ya watu wazima Kenya wakiishi na virusi. Ule wa 2018 ulikuta 4.9. Miongoni mwa wanaojidunga kiwango kilichotajwa kwa miaka mingi ni 18.3, na kati ya wanawake wao kiko juu mno kuliko wanaume.

Dawa ya aliyekwisha kuambukizwa, basi, imefika karibu na mlango wa kila mtu mlimani. Kinga ya yule anayejidunga na bado hajaambukizwa ndiyo inayodai safari.

Safari hiyo huishia Nairobi au Pwani. Heroini iliingia Kenya kupitia bahari. Miaka ya 1980 ilikuwa ya kahawia, ikivutwa kwa moshi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikuja nyeupe, inayoyeyuka vizuri katika maji, na Malindi, Lamu na Mombasa vijana wengi wakahamia kwenye sindano. Mzigo hutoka Afghanistan, ukasafirishwa kwa majahazi kutoka pwani ya Makran. Aprili 2014 meli ya kivita ya Australia, Darwin, ilikamata jahazi nje ya pwani ya Kenya likiwa na kilo 1,032 za heroini. Miezi michache baadaye serikali ya Kenya ililipua baharini meli Al Noor pamoja na kilo 377 zilizokuwa ndani yake, Rais Uhuru Kenyatta akishuhudia. Picha zilikuwa nzuri sana kwa magazeti.

Kilichowasukuma watu wa afya kilikuwa tukio la kimya zaidi. Kuelekea mwisho wa 2010 unga uliadimika Pwani kwa wiki kadhaa. Watumiaji walianguka kwa arosto wakiwa wengi kwa mara moja, hospitali zisijue la kufanya nao, na kwa mara ya kwanza serikali ikawaona kama wagonjwa wenye idadi. Katika uhaba kama huo vitendo vya hatari huzidi. Mwaka 2005 watafiti wa Dar es Salaam walikuwa wameeleza desturi ambayo msomaji huisoma mara mbili: mtu hujidunga heroini, huvuta damu yake ndani ya bomba, na kumpa mwenzake asiye na pesa ajidunge damu hiyo, kwa imani kwamba imebeba stimu. Wengi waliofanya hivyo walikuwa wanawake maskini, wakisaidiana. Hapo virusi havina haja ya kujificha kwenye tone la shingoni mwa sindano.

Kenya ilitangaza mpango wake wa sindano mwaka 2012, ukiongozwa na idara ya taifa ya kudhibiti Ukimwi, NASCOP, na ugawaji ukashika kasi 2013. Makadirio ya wakati huo yalikuwa watu wapatao 18,000 wanaojidunga nchini. Upinzani ulikuja mara moja, hasa Mombasa, ambako maimamu na viongozi wa mitaa waliuliza swali ambalo kila nchi imeulizwa: serikali inawezaje kumpa mtu kisu cha kujichinjia? Swali hilo halikustahili dharau. Mama aliyemzika mtoto kwa unga hana sababu ya kushangilia boksi la sindano za bure. Lakini ukweli wa Mombasa ulikuwa na pande zaidi ya mbili: miongoni mwa waliogawa sindano hizo ilikuwa MEWA, jumuiya ya Waislamu ya elimu na ustawi, ambayo tayari ilikuwa na kituo cha kuwatibu walevi wa unga. Reachout Centre Trust ilifanya kazi Mombasa, Omari Project Malindi, Teens Watch upande wa Kwale. Nairobi zilikuwapo NOSET na SAPTA, na Médecins du Monde kutoka Ufaransa ikasaidia kwa mafunzo. Tafiti za nchi nyingi hazijaonyesha kwamba mipango hii huongeza idadi ya wanaojidunga; hilo ndilo jibu, ingawa takwimu ni kitu baridi mno kupeleka kwenye matanga.

Kazi yenyewe haina fahari. Mhudumu wa mtaani, mara nyingi mtu ambaye naye aliwahi kutumia, huanza asubuhi mapema kwa sababu dozi ya kwanza ni ya mapema. Begani ana mkoba, mkononi kisanduku cha manjano cha kadibodi ngumu chenye tundu juu. Anaingia maskani kwa kusalimia kwanza, si kwa kugawa. Kila anayehitaji hupewa sindano na mabomba, vipamba vya spiriti, maji safi ya kuchanganyia, kikombe kidogo cha kuyeyushia na kondomu. Kikombe hicho si pambo: watu wawili wenye sindano mpya wakichota kwenye kijiko kimoja, homa ya ini hupata njia. Zilizotumika mwenyewe huzitumbukiza kwenye tundu. Mhudumu haruhusiwi kuzishika wala kuzifunika ncha, kwani kufunika ndiko kunakochoma vidole vingi. Kisha daftari: herufi na tarakimu badala ya jina, zilizotolewa ngapi, zilizorudi ngapi. Katikati ya hayo hutibiwa jipu, hupimwa virusi, huulizwa habari za yule aliyekosekana tangu Jumanne. Hiki cha mwisho hakimo kwenye bajeti yoyote, na huenda ndicho kinachowafanya watu warudi.

Shirika la Afya Duniani liliweka kipimo cha ugawaji: sindano 200 kwa kila anayejidunga kwa mwaka ifikapo 2020, na 300 ifikapo 2030. Idadi hiyo humshtua mgeni. Mtu anayejidunga mara 3 kwa siku huhitaji zaidi ya 1,000 kwa mwaka, kwa hiyo hata 300 ni sindano moja kwa takriban dozi 3 au 4. Mpango unaotoa kidogo kuliko hapo huweza kuonekana kwenye ripoti na usionekane kwenye damu.

Wazo lenyewe lilizaliwa Uholanzi. Mwaka 1984 duka moja la dawa katikati ya Amsterdam liliacha kuwauzia watumiaji sindano, na chama cha watumiaji wenyewe, kwa hofu ya homa ya ini aina ya B, kikaanza kuzigawa kikisaidiwa na idara ya afya ya jiji. Ukimwi ulikuta njia imekwisha kufunguliwa. Edinburgh, Uskoti, iliona upande wa pili wa sarafu hiyo: polisi walibana uuzaji wa sindano mwanzoni mwa miaka ya 1980, na daktari mmoja wa mtaani aliyewapima wagonjwa wake wanaojidunga alikuta karibu nusu wameambukizwa. Ya Amsterdam na ya Edinburgh yote mawili yalianzia kaunta ya duka la dawa, jambo ambalo lilinirudisha kwenye kijana yule wa jaketi.

Afrika, Mauritius ilitangulia kwa sheria ya 2006. Tanzania ilianza kutoa methadoni katika Hospitali ya Muhimbili Februari 2011, na Médecins du Monde ikagawa sindano Temeke, Dar es Salaam. Methadoni ni dawa ya kunywa inayoziba arosto kwa siku nzima, hivyo sindano yenyewe hukosa kazi. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa 2012 ulionyesha kwamba matibabu ya aina hiyo hupunguza hatari ya kuambukizwa virusi kwa asilimia 54. Kenya, baada ya Mathari, ilifungua kliniki Malindi, Mombasa na Kwale, na baadaye kwingineko, hata ndani ya gereza la Shimo la Tewa. Lakini methadoni hunywewa kila siku mbele ya muuguzi. Mtu wa Naro Moru akitegemea Nairobi angesafiri takriban kilomita 350 kwenda na kurudi, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Sindano humfuata mtu alipo, na kwa mji mdogo huo ni uwezo mkubwa kuliko ubora wa dawa.

Nani hulipa? Sheria ya Marekani ya 1988 ilizuia fedha za serikali kuu kwa mipango ya sindano. Ililegezwa 2009, ikarudishwa 2011, na baada ya mkasa wa Indiana ikalegezwa tena kidogo, lakini fedha hizo bado haziruhusiwi kununua sindano zenyewe. Kwa hiyo kwa miaka mingi mfuko mkubwa kuliko yote wa Ukimwi nchini Kenya, ule wa Marekani, uliweza kulipia upimaji, dawa na mishahara ya vituo bila kununua sindano. Sindano zilitegemea Mfuko wa Dunia na wafadhili wa Ulaya, Waholanzi wakiwa mbele. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na vituo kadhaa nchini Kenya vilivyowahudumia watu walio katika hatari kubwa vikafungwa. Hapo ikaonekana kwamba boksi la sindano kutoka kwa mfadhili mmoja halitembei bila mhudumu aliyelipwa na mwingine.

Huduma ikitakiwa kufika Naro Moru, haihitaji jengo. Nchi nyingine hupitishia sindano kwenye maduka ya dawa yaliyofunzwa. Kenya nayo, tangu Septemba 2023, ina wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 waliopewa mikoba na simu, wanaoingia boma kwa boma na kujua ni nani amebadilika tabia kabla chifu hajajua. Ujuzi huo ndio unaokosekana kwenye takwimu za miji midogo, na ndio unaoweza pia kumwogopesha mtumiaji: Kieni kila mtu ni binamu ya mtu, na siri ya Mombasa ya herufi na tarakimu ni ngumu kuitunza mahali ambapo daftari linaandikwa na shangazi yako. Mpango wa mashambani utalazimika kutatua hilo kwanza, pengine kwa kumtuma mhudumu wa mji mwingine siku ya soko, wageni wanapokuwa wengi.

Kwa sasa, aliyebaki na sindano iliyotumika, awe na kisukari, awe amechanja ndama, awe amejidunga, hutumia njia ileile: chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko cha kuzungusha, ncha itangulie kuingia, isijazwe zaidi ya robo tatu, ifungwe na kupelekwa kituo cha afya, ambako visanduku vya manjano hupelekwa kuchomwa kwenye tanuri la taka za hospitali. Sindano mbili za agrovet, ya ng'ombe na ya mbuzi, nilizirudisha Naro Moru zikiwa kwenye karatasi zake. Mama alizikagua, akazipangusa vumbi kwa leso na kuzitundika tena karibu na mbegu za kabeji.